Ndege ya Sharjah Hutua Asubuhi

Tirur,
22 Mei 1995

Baba Shahina,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima, mama yako mzima isipokuwa magoti, na binti yako mzima isipokuwa ulimi, maana tangu uondoke haujapumzika hata kidogo. Shule nzima imeshaambiwa kwamba baba yake ndiye anayeendesha ndege. Nilimkataza. Akaniuliza, "Kwani haendi nayo na kurudi nayo?" Nikampa ufagio.

Mvua bado, joto linatupika. Kisima kimeshuka mpaka kamba tumeiunga. Idi tulikula vizuri, ila mama yako alilia kwenye pilau akisema mwanawe anakula na wanaume wenzake chumba kimoja kama mizigo bohari. Nikamwambia si umemtuma mwenyewe? Akaninunia mpaka alasiri.

Nina swali la shule. Mwalimu wa Shahina amewaambia watoto waandike juu ya safari ndefu. Yeye kachagua yako. Anataka kujua kutoka Sharjah mpaka uwanja wa Karipur ni umbali gani, ndege huondoka saa ngapi na hukaa angani kwa muda gani. Mimi sijawahi kupanda hata ngazi ya ndege, nitamwambia nini? Mwandikie vizuri, hesabu kamili, mwalimu mkali.

Jumapili nilikwenda harusini kwa kina Biyyumma. Kaka yake, yule Moosa wa huko kwenu, yupo, hajarudi bado. Amenenepa. Anakusalimu sana.

Mkeo,
Nafeesa


Sharjah,
5 Juni 1995

Mama Shahina,

Barua yako ililetwa na mtu wa Tanur, nikaisoma nimesimama mbele ya jiko, chapati mbili zikaungua na tajiri akanitukana kwa lugha tatu. Haidhuru. Ungekuwepo ungecheka.

Mwambie msomi wetu hivi. Kutoka Sharjah mpaka Karipur ni kama kilomita elfu mbili na mia saba. Ule usiku mzima wa gari moshi kutoka Tirur hadi Madras haufiki hata robo yake. Lakini ndege huumaliza umbali huo kwa saa tatu na dakika arobaini tu. Unafunga mkanda, unaletewa chakula kwenye sinia dogo kama la mwanasesere, unasinzia, unaamshwa na mzee wa pembeni anayesoma dua kwa sauti, basi, umefika. Wakati ule tulipopitia Bombay, mtu alikuwa akimaliza siku mbili tatu njiani, basi na vumbi, mpaka anafika kwake mama mzazi hamtambui. Siku hizi raha. Usiku saa sita navua aproni, saa nane na dakika ishirini ndege inaacha ardhi, vidole bado vinanuka vitunguu.

Na asisahau jambo moja, saa ya huku iko nyuma ya saa ya kwetu kwa saa moja na nusu. Iliyobaki ajumlishe mwenyewe, hiyo ndiyo hesabu.

Moosa nami namsalimu. Huyo kunenepa si ajabu, kule dukani kwao anakula kuliko anavyouza.

Mwekee mama mafuta ya kuchua magotini, ile chupa ya kijani.

Wako,
Saidalavi


Tirur,
20 Juni 1995

Baba Shahina,

Mtoto amejumlisha. Kapata saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu kamwandikia "vyema sana" kwa wino mwekundu, na karatasi tumeibandika ukutani juu ya pipa la mchele.

Mimi nikaendelea kujumlisha pale alipoishia yeye.

Ndege ya Sharjah hutua asubuhi, saa moja na nusu. Mpe mtu saa nzima ya kukaguliwa mizigo. Mpe saa nzima ya teksi mpaka Tirur. Hiyo ni saa tatu na nusu, watu wanakunywa chai. Wewe tarehe kumi na nne Machi uliingia uani saa kumi na nusu jioni, mama yako alikuwa anakunja mkeka wa sala ya alasiri. Tena ulituambia ndege imetua mchana. Nami nilisimama dirishani tangu adhuhuri kama mwendawazimu, nimevaa ile kanga ya maua uliyoisifu.

Moosa alikuwa kiti cha nyuma yako. Saa nne haijagonga, yeye alikuwa kwa mama yake anakula muhogo na samaki. Alinieleza harusini, mbele za watu, bila kujua ananieleza nini: "Bwana wako alishika teksi kabla yangu, nikajua leo Nafeesa atafurahi." Nikacheka na wenzangu. Meno nilikuwa nayo, nikayatumia.

Kwa hiyo saa saba ziko wapi, Saidalavi?

Nakumbuka sasa. Nilikupikia mikate ya mchele na nyama ya ng'ombe, nikakaanga na ndizi. Ukanyofoa kidogo ukasema chakula cha ndege kimekushibisha. Sinia dogo kama la mwanasesere likamshibisha mwanamume wa miraba minne? Na shati lako lilikuwa limepigwa pasi. Nani hutoka kwenye ndege na shati lenye mkunjo wa pasi? Nilikuwa kipofu kwa furaha, mtu akifurahi hanusi.

Na kila mara unaandika, "Msije kunipokea, msisumbuke." Nilidhani ni huruma.

Nijibu. Usinijibu kwa mzaha.

Nafeesa


Sharjah,
4 Julai 1995

Nafeesa,

Nimefungua barua nikidhani nitasoma habari za mwanangu, kumbe nimeitwa kituo cha polisi.

Ulitaka kujua, basi jua. Walinifungulia boksi pale uwanjani. Kamba walikata, vitu vyote chini, sabuni moja moja, wakaikamata redio, niende dirisha hili, niende dirisha lile, afisa kaenda kula, subiri. Moosa alikuwa na nini? Mfuko wa plastiki na ndala. Unamfananisha na mimi? Sikukuambia kwa sababu sikutaka siku ya kwanza nyumbani iwe ya manung'uniko. Shati nilibadilisha chooni. Ndiyo, lilikuwa na pasi, nililikunja vizuri mwenyewe. Huku hatuna wake wa kutukunjia.

Mke gani anayehesabu saa za mumewe kama msimamizi wa kibarua? Nasimama mbele ya jiko saa kumi na nne kwa siku. Hizo mbona huhesabu?

Na nani anakufundisha hesabu hizi? Kwa akili yako au umetiwa maneno? Usipende kukaa harusini na wanaume wa watu.

Saidalavi


Tirur,
16 Julai 1995

Saidalavi,

Njia ya mwongo fupi. Yako ina urefu wa kilomita hamsini, kutoka Karipur mpaka Nilambur.

Alhamisi nilimwacha Shahina kwa mama yako, nikasema nakwenda hospitali ya meno. Nikapanda basi mpaka uwanjani. Nikawaendea madereva wa teksi waliojikusanya chini ya turubai, mvua inamwaga, nikawaonyesha picha yako ile ya Idi. Wakacheka kwanza. Kisha mmoja mwenye ndevu nyeupe, Unneen, akasema: "Huyu? Nilimpeleka Nilambur. Alikaa mbele na mimi, boksi moja likafungwa juu na jingine alilipakata mwenyewe kama yai." Nikamuuliza, anajua nyumba? Akaniangalia uso akaacha kucheka. Akasema, "Panda, mwanangu."

Boksi moja lililofika kwangu nalijua. La pili sijawahi kuliona.

Nyumba iko nyuma ya kiwanda cha mbao, mlango wa samawati. Aliyefungua ni msichana wa miaka kumi na miwili. Sikuhitaji kuuliza kitu, kwa sababu alikuwa na paji la uso la Shahina. Lakini niliuliza, mtu hupenda kuchomwa mpaka ndani. "Unaitwa nani?" Akasema, "Hasna binti Saidalavi."

Nilijua uliwahi kuoa Nilambur ukaacha. Mliniambia, wewe na mama yako, kwamba ilikuwa ndoa ya miezi michache na haikuzaa. Miaka tisa nimelala pembeni yako juu ya maneno hayo.

Sikiliza. Ukitoka angani, bado una baridi ya ndege mwilini, mikono yako inawagusa wao kwanza. Mimi napata makombo ya safari, mtu aliyekwisha kucheka, kula na kuchoka. Hilo ndilo lililonikaba, kuliko hata mtoto.

Basi chagua. Ukitaka kunikuta humu, usikanyage tena kule. Hata kivuli chako.

Nafeesa


Sharjah,
18 Julai 1995

Nafeesa,

Sijapata majibu yako, na sasa nasikia mengine. Mwenzangu wa chumbani kaletewa barua ya mkewe na msafiri aliyeshuka jana, imesomwa mbele yangu bila haya. Kwamba wewe ulishuka kwenye teksi ya mwanamume karibu na magharibi, umelowa, macho mekundu, dereva akakufungulia mlango kama mke wa waziri. Na mama yangu kaambiwa ulikuwa hospitali ya meno! Toka lini hospitali ya meno inarudisha wagonjwa kwa teksi?

Ulitoka asubuhi saa mbili. Ulirudi saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi, Nafeesa. Mimi pia najua kujumlisha.

Silali. Wenzangu wakicheka najua wananicheka mimi. Jana niliumwagia mteja chai mkononi. Niambie ni nani. Niambie tu jina lake, nitapanda ndege, saa tatu na dakika arobaini nitakuwa mlangoni.

Saidalavi


Sharjah,
2 Agosti 1995

Mama Shahina,

Barua yako ya tarehe kumi na sita imefika wakati yangu imekwisha kuondoka. Zimepishana huko angani. Ukiisoma yangu, ichome. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ni kweli yote. Hakuna boksi lililokaguliwa, hakuna afisa aliyekwenda kula.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, napasua magogo pale kiwandani Nilambur. Nilimwoa Ramla, dada yake Ayamu, fundi mwenzangu. Mama hakumtaka. Alisema ni watu wa msituni, hawana asili. Kila nikija Tirur ni vita. Ilipopatikana nafasi ya kuja huku nilikaa Bombay miezi mitatu nangoja viza, watu ishirini na wawili chumba kimoja, na mama akaniandikia kwamba nisipomwacha hataniombea dua. Nikaiandika talaka pale pale, juu ya goti langu, nikaitia kwenye sanduku la posta. Sikujua kama ana mimba. Nilijua nikiwa Sharjah, mwaka mzima baadaye. Mama akasema nyamaza, hakuna atakayekupa binti yake ukiwa na mtoto nje.

Nikanyamaza. Kila likizo nilipitia kumwona mtoto. Tulipokuwa tukipitia Bombay hapakuwa na taabu, siku mbili za mabasi ziliweza kuficha lolote. Ungeuliza, ningesema basi liliharibika Mangalore. Safari ilipokuwa ndefu, palikuwa na mahali pa kujificha. Likizo hii ndiyo ya kwanza kuja na ndege ya moja kwa moja. Nilifurahi kama wenzangu, sikujua nimeuza maficho yangu.

Umeniambia nichague. Nimechagua. Leo hii nimemwandikia Ayamu kwamba sitakwenda tena, na mtoto aambiwe asiningoje. Vitu nitatuma kwa mtu. Moyo wako utulie. Mke wangu ni wewe, nyumba yangu ni hiyo.

Saidalavi


Nilambur,
20 Agosti 1995

Kwa Mama Shahina,

Mimi ni Ramla. Uliniona mwezi uliopita, ingawa hukunitazama sana.

Sijui kuandika barua za kupendeza, mimi ni mshona nguo. Nitaandika kama ninavyosema.

Ulipokuja ulikuwa umelowa mpaka viatu vinalia. Nikakuletea kitambaa hukukipokea. Nikakuletea chai ukaiacha mpaka ikaota utando. Ulimshika mwanangu kidevu ukamgeuza kwenye mwanga. Kisha ukasema, "Alikuletea nini?" Mtoto akakutolea kitambaa cha gauni, cha waridi na nyota. Ukakisugua kwa vidole, mara mbili, unakilinganisha na kingine ulichokuwa nacho kichwani. Mimi nauza jicho kwenye vitambaa, najua mtu anapolinganisha. Nilitaka kukwambia ni kitambaa kimoja, jora moja, kila mtoto kakatiwa mita mbili na nusu. Lakini ulikuwa umekwisha kutoka.

Ulidhani nini? Kwamba mumeo anakuja kwangu?

Mama Shahina, sijamwona uso mtu huyo tangu mwaka themanini na mbili. Karatasi yake ilinifika asubuhi natapika, mama yangu anasema ni samaki, mimi najua si samaki. Tangu siku ile si mume wangu, na mimi sina ruhusa ya kukaa naye. Akija, kaka yangu anampokea barazani. Mimi nakaa jikoni, nafunga mlango. Mtoto ndiye anayebeba sahani. Nasikia kikohozi chake. Nasikia anavyomwuliza mtoto masomo, na mtoto anajibu kwa sauti ambayo hanijibu nayo mimi. Hata shati nilimpigia pasi. Ayamu alinipitishia mlangoni, lilikuwa limejikunja sana, nikaona haya aende kwako vile. Ukinihukumu kwa hilo nihukumu, sina la kujitetea. Nililipiga pasi polepole.

Saa nne. Safari hii alikuja saa nne na robo ya asubuhi, akaondoka saa nane na robo. Baada ya hapo miaka miwili. Wewe umenionea wivu kwa saa nne zile, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Mimi nimekuonea wivu kwa siku zako arobaini na tano, kila moja. Nina kalenda ya msikiti, huzikata kwa kalamu. Leo anakula kwake. Leo mvua, amelala mchana. Leo anamkaripia mama yake. Mpaka nakata ya mwisho ndipo napumua, maana sasa hayuko kwangu wala kwako.

Sasa Ayamu kapata barua. Kamsomea mtoto, mimi sikuwepo, nisingeruhusu. Hasna hakulia. Alikwenda akavua lile gauni jipya, akalikunja, akaniletea akasema, "Mpe mtoto mwingine." Tangu siku hiyo anakula kwa kulazimishwa. Shuleni anakaa kimya, mwalimu kaniita.

Sikuombi unirudishie mume, sina mume. Nakuomba saa nne za mtoto. Ukitaka nitaondoka jikoni siku hiyo, nitakwenda kwa shangazi yangu Edakkara, nyumba isinuke hata mkono wangu.

Ramla


Tirur,
3 Septemba 1995

Baba Shahina,

Ile ya teksi niliisoma, sikuichoma. Naiweka. Siku utakapotaka kujua wivu unaharibuje uso wa mtu mzima, nitakuonyesha mwandiko wako. Mtu uliyetaka jina lake anaitwa Unneen, ana wajukuu saba, na njia nzima ya kurudi alinisimulia ugonjwa wake wa kisukari.

Nilipata nilichokitaka. Uliandika kwamba umewaacha, nikalala siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Kisha ikaja barua nyingine, si yako, kutoka Nilambur. Nimeisoma mara nyingi mno. Tangu hapo naamka alfajiri kabla ya adhana nakutazama pichani.

Mama yako alikuambia mwache mke, ukaandika karatasi. Mimi nimekuambia mwache mtoto, umeandika karatasi. Mara zote mbili hukubishana hata siku moja. Nilidhani nitafurahi kuwa na mwanamume anayenitii hivyo. Badala yake nawaza, kesho nani atamwambia aniache mimi, na Shahina, naye atafute kalamu? Goti analo.

Sitaki mwanamume mwepesi hivyo. Mwandikie Ayamu leo, si kesho. Mwambie ulikosea. Mwandikie na mtoto mwenyewe barua yake, jina lake juu ya bahasha, na umwombe radhi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kusoma.

Na usidhani nimesamehe. Sijasamehe. Nikipiga pasi naona moto. Nikipika mikate ya mchele naona umeshiba. Mama yako nimemwambia najua kila kitu. Akasema, "Nilifanya kwa ajili yako," nikamwambia wakati ule hata jina langu ulikuwa hulijui. Hatujaongea siku nne, ila mafuta ya magoti nampaka.

Likizo ijayo hakuna cha kupitia popote. Utatuambia tarehe na tutakuja kukupokea uwanjani, sote, watoto wote wawili. Utatoka mlangoni utukute tumesimama. Hakuna wa kwanza, hakuna wa makombo. Hasna atakaa nasi wiki ya kwanza kama mama yake ataridhia. Nimeshamwandikia.

Nafeesa


Tirur,
27 Machi 1997

Mama Hasna,

Binti yako amefika salama, amekula, amelala na mwenzake kitanda kimoja ingawa nilitandika viwili. Jana waligombana juu ya kitana mpaka nikawafungia nje wote. Leo wanaitana majina ya kijinga na hawataki niwe karibu. Bibi yao alimtazama Hasna siku nzima, kisha akamwita akamwonyesha goti, akasema, "Njoo unipake, mkono wako mwepesi." Huo ndio msamaha aliojaliwa, mchukulie ulivyo.

Nilikusihi uje nawe uwanjani ukakataa. Ukasema Ayamu anatosha kumleta mtoto. Nilikushukuru kimoyomoyo na nikajichukia kwa kukushukuru.

Nitakueleza ilivyokuwa. Tulisimama kwenye vyuma vya kuzuia watu, mimi katikati, wao huku na huku. Ndege ilitua, Shahina akatazama saa ya ukutani akasema imechelewa dakika sita. Watu walianza kutoka na mizigo yao, kila familia inapiga kelele ikimwona mtu wake. Nilikuwa nimejiapiza sitahesabu chochote siku hiyo. Alipotokea, nikahesabu. Alimwona Hasna kwanza. Alisimama, mkokoteni ukamgonga mzee wa mbele yake. Kisha Shahina akamrukia shingoni, na mimi akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Ningeridhika hapo. Nilikuwa nimeridhika.

Lakini aliinua macho, akatazama nyuma ya bega langu. Akatazama kushoto penye wanawake waliokaa, akatazama kulia mpaka kwenye teksi. Alitafuta, akakosa, ndipo akashusha macho akaanza kusukuma mizigo.

Nilijua anamtafuta nani.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Lilikuwa langu peke yangu, hakuna mwingine aliyeona, hata yeye hajui kama nimeona. Ningeweza kulizika likafa nami. Kila nikikaa kuandika habari za watoto naliruka, na barua inakuwa ya uongo, naichana. Wewe uliniambia ya jikoni, ukaniambia mpaka ya pasi, na hakuna aliyekulazimisha.

Basi nimekwambia. Lichukue, na kuhusu hili usinijibu. Jumanne tutamrudisha mtoto, nami nitakuja naye. Safari hii nitakunywa chai.

Nafeesa